UZI: Squeeze Box ya "Weird Al" Yankovic – kilichomo, namna ya kuikagua kabla ya kulipa, na namna ya kuisikiliza

Mtamba_Santuri

Wakuu, kila mara kasha hili likitajwa kwenye nyuzi za santuri, maswali huwa yaleyale. Tuyaweke mahali pamoja. Mwenye nyongeza aweke, ila tafadhali mambo yenye uhakika tu.

Squeeze Box ni kasha la kazi za "Weird Al" Yankovic, mwimbaji wa Marekani wa nyimbo za vichekesho. Jina lake kamili ni Squeeze Box: The Complete Works of "Weird Al" Yankovic, yaani kazi zake kamili, na lilitoka Novemba 2017. Ni diski 15 ndani ya kasha lililotengenezwa kwa umbo la kodiani, ala anayoipiga Al tangu utotoni. Kuna toleo la santuri na toleo la sidii, na pamoja nazo kitabu cha picha cha kurasa 100. Diski 14 ni albamu zake zote za studio, kuanzia ile ya kwanza ya 1983 hadi Mandatory Fun ya 2014, zikiwa zimeandaliwa upya. Ya 15 inaitwa Medium Rarities, mkusanyiko wa nyimbo zilizokuwa zimetawanyika kwenye singo, filamu na kanda za majaribio.

Februari 2019 kasha likapata Grammy ya kasha bora la toleo maalum. Tuzo hiyo hupewa waliolisanifu: Meghan Foley, Annie Stoll na Al mwenyewe. Ilikuwa Grammy yake ya tano. Nne za kabla yake zilikuwa za muziki na video.

Kasha liliuzwa kwa kuagiza mapema kupitia PledgeMusic, na kampuni hiyo ilifilisika 2019. Kwa hiyo ukinunua mkononi mwa mtu leo, diski ikikosekana au ikiwa na ufa, hakuna ofisi ya kukubadilishia. Ukaguzi wote ufanyike kabla hela haijatoka.

BintiKodiani

Asante mkuu. Kwa asiyemjua: Alfred Yankovic alizaliwa 1959 huko California na kukulia Lynwood. Anachukua wimbo unaovuma, anabakiza muziki vilevile, anabadili maneno yote: hiyo ndiyo parodi. Beat It ya Michael Jackson ikawa Eat It (1984), Bad ikawa Fat (1988), Smells Like Teen Spirit ikawa Smells Like Nirvana (1992), Gangsta's Paradise ikawa Amish Paradise (1996).

Lakini hizo ni karibu nusu tu ya kila albamu. Nusu nyingine ni nyimbo anazotunga mwenyewe kwa mtindo wa bendi fulani bila kuchukua wimbo wao wowote. Dare to Be Stupid ni mtindo wa bendi ya Devo. Bob, iliyo kwenye Poodle Hat ya 2003, ni mtindo wa Bob Dylan, na kila mstari wake ukiusoma kinyumenyume herufi kwa herufi unapata mstari uleule. Wengi hununua kasha kwa sababu ya zile parodi maarufu, lakini kazi ngumu zaidi imo kwenye nyimbo hizi zisizo na asili ya kuigwa moja kwa moja. Hapo hana muziki wa mtu wa kuegemea.

Pia kuna misururu ya polka: vipande vya nyimbo zilizovuma, maneno yakiwa yaleyale, vikichezwa kwa kodiani na kwa kasi. Ilianza kwenye In 3-D (1984). Albamu mbili tu kati ya 14 hazina: ile ya 1983 na Even Worse ya 1988.

Watu wa Unguja na Mombasa wataipokea haraka sauti hiyo, maana masikio yaliyokulia kwenye taarab ya okestra yanaijua kodiani.

Kijana_wa_Mixa

Swali wakuu: santuri au sidii? Bei ya santuri ni mlima. Kuna tofauti ya kweli au ni mapambo?

Fundi_Sindano

Kijana, kwa msanii huyu jibu langu ni sidii, na sababu ni maneno.

Santuri ya inchi 12 ya mizunguko 33 kwa dakika hutoa sauti yake nzuri upande mmoja ukiwa na dakika 18 hadi 22. Zikizidi hapo, fundi anayechonga santuri hulazimika kubana mifereji na kushusha sauti. Tena, kadiri sindano inavyosogea katikati, mzunguko ule mmoja unabeba mfereji mfupi zaidi, na sauti za "s", "sh" na "ch" zinaanza kukwaruza. Kwenye muziki wa dansi hutaona tatizo kubwa. Kwenye wimbo ambao kichekesho chake chote kimebebwa na neno moja la mwisho wa mstari, neno hilo likikwaruza umekosa kila kitu. Albuquerque, wimbo unaofunga Running with Scissors (1999), una zaidi ya dakika 11 na karibu wote ni maneno ya kusimuliwa kwa kasi. Wimbo wa namna hiyo ukikaa mwisho wa upande ndio mtihani mkali kabisa kwa sindano.

Ukiamua santuri, angalia haya:

Uzito wa sindano. Vichwa vingi vya sumaku (kichwa ni kile kinachoshika sindano) hutaka gramu 1.5 hadi 2. Fuata karatasi ya kichwa chako. Usikisie kwa macho, nunua mizani ndogo ya kidijitali. Watu hupunguza uzito wakidhani wanalinda santuri, kumbe sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba zaidi ya ile yenye uzito sahihi.

Mpangilio wa kichwa. Tumia karatasi ya kupimia, weka sindano kwenye alama zote mbili. Kichwa kikipinda kidogo tu, makosa yanaonekana zaidi nyimbo za katikati.

Pleya za begi. Nyingi zina kichwa cha kauri kinachokandamiza kwa gramu 5 au zaidi. Santuri hizi ni za gramu 150, ila unene hauzuii mfereji kuchimbika. Usizipige humo.

Mtamba_Santuri

Fundi amemaliza. Mimi naongeza upande wa ukaguzi. Mwombe muuzaji picha za mambo haya, zipigwe siku hiyohiyo:

Diski zote 15 zikiwa nje ya mifuko, zimepangwa sakafuni, lebo zinasomeka. Makosa ya kawaida ya makasha makubwa ni albamu moja kurudiwa na nyingine kukosekana, na mwenye kasha huenda hajawahi kufungua zote.

Kitabu kikiwa wazi katikati, ili uone mshono na kama kurasa zimeshikana kwa unyevu.

Pembe nne za kasha na sehemu ya mikunjo. Umbo la kodiani halipendi kuwekewa mzigo juu. Likilazwa chini ya makasha mengine hubonyea, na kadibodi ikishabonyea haikunjuki.

Kwa santuri, picha ya pembeni ya kila moja ikiwa imelazwa juu ya kioo. Iliyopinda utaiona mwanga ukipita chini yake.

Usafirishaji: vinyl peke yake ni gramu 150 mara 15, yaani kilo 2.25, na hapo bado majalada, kitabu na kasha. Lakini wasafirishaji wa ndege hawatozi kwa uzito wa mizani pekee, huangalia pia ujazo. Kanuni ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, na kati ya uzito huo na ule wa mizani wanachukua ulio mkubwa. Katoni ya 45 kwa 45 kwa 25 inatoka kilo 10.1 hata kama ndani mna kilo 6. Ndiyo maana watu hushtuka wakiletewa ankara. Hata hivyo usimwambie muuzaji abane katoni. Unataka sentimita 5 za povu kila upande. Toleo la sidii linakuokoa sana hapa.

Mkaazi_wa_Pwani

Hali ya hewa ya pwani vipi? Huku kila kitu cha karatasi kinaota ukungu.

Fundi_Sindano

Swali muhimu sana. Ukungu huanzia kwenye karatasi, kisha unahamia kwenye diski.

Toa mifuko ya ndani ya karatasi, weka ya plastiki laini ya polyethylene. Epuka mifuko migumu inayong'aa ya PVC: kwenye joto hutoa kemikali inayoacha wingu jeupe juu ya santuri, na wingu hilo halisafishiki. Majalada yapumue, usiyazibe kwa gundi. Weka vipakiti vya silika jeli ndani ya kabati na uvikaushe au kuvibadilisha, kwa sababu vikishajaa maji havifanyi kazi yoyote. Santuri zisimame wima, mbali na ukuta wa nje.

Kuosha: maji yaliyotoneshwa, matone machache ya sabuni isiyo na harufu wala rangi, brashi laini, zungusha kufuata mfereji, suuza kwa maji safi yaliyotoneshwa, kausha wima. Maji ya bomba huacha chokaa. Wengine huongeza spiriti kidogo. Kwa santuri za vinyl kama hizi inavumilika, LAKINI usiipeleke kamwe kwenye zile santuri za zamani za mizunguko 78 walizoacha wazee. Zile ni za shelaki na spiriti inaziyeyusha. Nyumba nyingi za pwani bado wanazo, na hasara yake haina fidia.

Kijana_wa_Mixa

Na nikitaka kuhamishia sidii zote kwenye kompyuta? Kuna mitego?

DataNaMuziki

Ipo mitatu mahususi kwa msanii huyu.

Kwanza, jina lake. Linaandikwa na alama za kunukuu: "Weird Al" Yankovic. Windows hairuhusu alama hiyo kwenye jina la faili wala folda, kwa hiyo programu ya kunakili itaibadilisha au itagoma. Jina kamili libaki ndani ya lebo za faili (taarifa za msanii na wimbo zilizo ndani ya faili), folda iitwe Weird Al Yankovic. Halafu hakikisha alama ni za aina moja kwenye albamu zote. Zikichanganyika zilizonyooka na zilizopinda, programu ya muziki itakuonyesha wasanii wawili, na huyu mwenye alama atapangwa juu kabisa kabla ya A. Jaza sehemu ya jina la kupangia: Yankovic.

Pili, kimya. Kwenye sidii ya Off the Deep End ya 1992, baada ya wimbo wa mwisho kuna kimya cha kama dakika 10, kisha zinalipuka sekunde chache za kelele zinazoitwa Bite Me. Ni mzaha dhidi ya nyimbo za kufichwa zilizokuwa mtindo wakati huo. Ukiwa na programu inayokata kimya kiotomatiki, umeufuta. Zima kipengele hicho.

Tatu, sauti za kinyume. Nature Trail to Hell (In 3-D) na I Remember Larry (Bad Hair Day, 1996) zina maneno yaliyorekodiwa kinyumenyume. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua kipande, tumia amri ya kugeuza. Usifanye hivyo kwa MP3 ya kiwango cha chini, maneno yatatoka kama matope.

Nafasi: sauti ya sidii isiyobanwa ni kama MB 10 kwa dakika. Kadiria dakika 45 kwa diski, mara 15 ni dakika 675, yaani GB 6.75. Kwa FLAC, inayobana faili bila kupoteza ubora, hushuka hadi karibu GB 4. Tumia programu ya kunakili sidii ya Exact Audio Copy kwa hali yake ya uhakika, na ukisawazisha sauti, sawazisha kwa albamu nzima. Usisawazishe wimbo mmojammoja, mpangilio wa albamu utavurugika.

Mizani_Nane

Wakuu, nina swali la utunzi. Huyu bwana hashtakiwi? Anachukua muziki wa watu mzima mzima.

BintiKodiani

Hachukui rekodi, na hilo ndilo jambo kubwa. Bendi yake inaupiga wimbo upya tangu mwanzo: ngoma, besi, gitaa, waitikiaji. Na bendi haijabadilika: Jon "Bermuda" Schwartz kwenye ngoma tangu 1980, alipoanza kwa kugonga sanduku la kodiani redioni kwa Dr. Demento, mtangazaji wa nyimbo za vichekesho, rekodi ambayo ndiyo iliyoingia kwenye albamu ya 1983 kama Another One Rides the Bus. Jim West gitaa na Steve Jay besi tangu 1982. Rubén Valtierra kinanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Steve Jay kabla ya hapo alizunguka Niger, Mali na Upper Volta, Burkina Faso ya leo, akirekodi ngoma na nyimbo za huko; lebo ya Nonesuch ilizitoa 1976. Mtu mwenye sikio la namna hiyo ndiye anayeweza kucheza besi ya mtu mwingine nukta kwa nukta.

Kuhusu ruhusa: kesi ya Campbell dhidi ya Acuff-Rose, Mahakama ya Juu ya Marekani, 1994, ilisema parodi inayoukosoa wimbo wenyewe inaweza kuwa matumizi halali bila ruhusa. Angalia sasa: Smells Like Nirvana inazungumzia Nirvana na maneno yao yasiyosikika, kwa hiyo ingekuwa na utetezi. Eat It inahusu chakula, haimzungumzii Michael Jackson hata kidogo. Utetezi wake ungekuwa dhaifu. Al huomba ruhusa kwa zote. Prince alimkatalia kila mara. Mwaka 2006 James Blunt alikubali, lebo yake ikakataa, basi You're Pitiful haikuingia kwenye albamu. Aliitoa bure mtandaoni, na leo utaikuta kwenye Medium Rarities. Mwaka 1996 upande wa lebo ulimwambia Al kwamba Coolio, mwenye Gangsta's Paradise, amekubali, kumbe Coolio hakuwa na habari. Tangu hapo Al husisitiza asikie kwa mwenye wimbo mwenyewe.

DataNaMuziki

Nyongeza kuhusu polka, maana hapo hesabu ni ya ajabu. Kurekodi upya wimbo wa mtu Marekani bila kubadili maneno kuna leseni ya lazima. Mwaka 2017 kiwango kilikuwa senti 9.1 za dola kwa kila wimbo usiozidi dakika 5, kwa kila nakala. Kipande cha sekunde 15 kinahesabiwa wimbo. Msururu wa nyimbo 12 ungedai senti 109.2 kwa nakala moja, kwa ajili ya dakika 4 tu za albamu. Bila makubaliano ya punguzo na kila mchapishaji, polka moja ingekula faida ya albamu yote.

Mizani_Nane

Nimeelewa. Na kwa anayetaka kufanya parodi ya Kiswahili kwa kiwango hicho, aanzie wapi?

BintiKodiani

Anzia kwenye mizani na vina, lakini usiishie hapo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo lazima uangukie pale ulipoanguka mkazo wa asili.

Mstari wa kubuni: "Nimechoka kukungoja", mizani 8, kina -ja, mikazo kwenye CHO na NGO, silabi ya 3 na ya 7. Ukiandika "Nimechoka kula soja", umepata vyote vitatu, na mstari unaimbika mara ya kwanza. Ukiandika "Chapati zangu na soja", mizani ni 8, kina ni kilekile, lakini mikazo iko silabi ya 2, ya 4 na ya 7. Mwimbaji atalazimika kusema "chapaTI" na msikilizaji ataona mstari unachechemea hata kama hajui kwa nini.

Kisha acha maneno muhimu ya asili yasikike karibu na mapya. Beat na Eat zinatofautiana herufi moja. Msikilizaji anasikia nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na kicheko kinatoka hapo.

Muziki: tafuta kasi na ufunguo, tengeneza biti yako upya. Ukichukua biti ya asili kutoka mtandaoni una kesi mbili, ya utunzi na ya rekodi, na YouTube itaitambua kabla binadamu hajaisikia. Ruhusa ya utunzi iwe ya maandishi kutoka kwa mwenye wimbo. COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya ndizo ofisi za hakimiliki za kuulizia utaratibu.

Kijana_wa_Mixa

Mwisho kabisa: nianze na diski gani? Na je, kweli ni kazi "kamili" kama jina la kasha linavyodai?

Mtamba_Santuri

Usianze na ya 1983. Pale kodiani iko kila mahali na parodi hazijafanana na asili. Ni nzuri, ila utaielewa zaidi baadaye. Anza na In 3-D, ambapo bendi inaanza kuiga sauti kwa usahihi. Kisha ruka hadi Off the Deep End, halafu Straight Outta Lynwood (2006), yenye White & Nerdy, wimbo wake wa kwanza kuingia kumi bora za Billboard Hot 100; ulifika namba 9. Kwa kila parodi sikiliza asili kwanza, halafu yake, ukifuata besi peke yake. Polka Party! ya 1986 iliuza vibaya na kuishia namba 177 kwenye Billboard 200. Iache hadi mwishomwisho. Funga na Mandatory Fun, iliyoingia namba 1 wiki ya kwanza kwa nakala 104,000. Albamu ya vichekesho ilikuwa haijafika hapo tangu ya Allan Sherman, 1963.

Ukimaliza hizo, Medium Rarities: My Bologna ya 1979, ile ya singo iliyorekodiwa chooni chuoni Cal Poly kwa sababu ya mwangwi wa vigae, na Pac-Man ya 1981, iliyokaa miaka yote hiyo bila kutolewa rasmi kwa sababu imejengwa juu ya wimbo wa George Harrison.

Kuhusu "kamili": ni kamili kwa albamu za studio. Peter and the Wolf aliyofanya na Wendy Carlos 1988 haimo. The Hamilton Polka (2018), Now You Know (2022) na Polkamania! (2024) zilikuja baada ya kasha, kwa hiyo hizo utazitafuta kidijitali. Muuzaji akikuambia kasha lake lina Hamilton Polka, mwombe picha ya lebo ya diski hiyo kabla hujaendelea na mazungumzo.